Tangazo la Mtu Ambaye Hakupotea

Minto, Jumamosi mchana

Mwanangu Sifa,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mama yako yuko zamu hospitali ya Westmead hadi jioni, na nyumba imebaki na mimi na masanduku yako mawili pale mlangoni. Nimekaa upande wako wa meza, mahali rangi ilipochubuka kwa sababu ya kompyuta yako. Habari za koti, soksi, dawa za tumbo na nani wa kumpigia ukifika, mama yako ameshazimaliza, tena kwa kurudia, na mimi sina la kuongeza. Nina wasiwasi kidogo na ile sombe kavu ya majani ya muhogo aliyoizungushia taulo. Watu wa forodha wa Marekani watakuuliza ni majani gani, utawajibu kwa Kiingereza chako kizuri, na wataichukua vilevile. Usigombane nao.

Ninaandika kwa sababu ya Jumanne. Ulikuja na simu mkononi, ukaiweka kando ya sahani yangu, ukasema, "Papa, I found her." Nikaitazama ile picha, nikakwambia chakula kinapoa. Ulisubiri. Nikala. Ukachukua simu yako ukaenda chumbani, na tangu hapo mimi na wewe tunazungumza habari za uwanja wa ndege tu.

Sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa refu, na mdomoni mwangu maneno marefu hayakai. Kwa kalamu nitajaribu. Inakwenda polepole, maana hiki kidole changu kidogo kisichokunjika kinakwaruza karatasi, lakini itafika. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa kambini, kule ukimbizini, na mwalimu Mtanzania ambaye Kiswahili chetu cha Uvira kilikuwa kinamuumiza. Akisikia tumesema "iko" mahali pa "yupo" alikuwa anashika kichwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo usishangae ukiona barua inasema vizuri kuliko baba yako.

Nianze na kazi yako, maana ndiyo iliyotufikisha kwenye ile picha.

Ulipotuambia kwamba mwaka wa mwisho wa chuo utaandika juu ya Marekani ya zamani, wakati haijawa hata nchi, mama yako aliniuliza chini chini kama kuna mtu huajiriwa kwa kujua mambo hayo. Nilimwambia kwamba Sydney kuna mtu anaajiriwa kutembeza mbwa wa watu, kwa hiyo tusikate tamaa. Mimi nilikuwa najiuliza jingine. Mtoto aliyezaliwa kambini na kukulia Minto alitoa wapi hamu ya watu waliokufa Virginia? Nilidhani ni upepo tu, utapita. Haukupita, na mimi nikazoea kula chakula cha jioni mbele ya mgongo wa kompyuta.

Mwanzoni ulikuwa na furaha ya mtu aliyekuta duka wazi na muuzaji hayupo. "It's all online, Papa," ulisema. Magazeti ya mji mzima, toleo baada ya toleo, yamepigwa picha. Wosia wa matajiri. Vitabu vya makanisa. Orodha za mali za marehemu, ambamo unasoma kitanda, kisha ng'ombe, kisha mtoto wa kike na bei yake. Nyingine zilikuwa wazi kwa kila mtu, nyingine zilifunguka kwa sababu maktaba ya chuo ilikuwa inawalipia, na ulinieleza tofauti hiyo kwa uchungu kama mtu anayezungumzia ukabila.

Baada ya majuma machache furaha ikapungua. Ulikuwa unaandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia maneno ya heshima, maneno tunayotumia leo kuwaita watu wale waliotiwa bei, na kompyuta inakurudishia karibu na bure. Msimamizi wako akakwambia kompyuta haijui heshima. Inatafuta kilichoandikwa, kwa hiyo andika kama walivyoandika wao. Siku hiyo nilikuwa namenya viazi pale jikoni. Nilikuona ukiandika neno, ukafumba macho kidogo, ukabonyeza. Majina yakaanza kumiminika. Usiku huo hukula vizuri, na mama yako akadhani ni mitihani.

Kitu kingine nilichojifunza kwa kusikiliza, na kilinipendeza, ni kwamba kisichokuwepo mtandaoni bado kipo. Kuna mtu aliyechagua kipi kipigwe picha kwanza, akaanza na makaratasi ya wakubwa. Ya mahakama ndogo za wilaya bado yamo ndani ya maboksi, na kwenye katalogi yameandikiwa mstari mmoja tu. Ndipo ukaanza kuandikiana na yule mama mtunza nyaraka wa huko Virginia, Carol, ambaye majibu yake yalikuwa yanaingia sisi tukiwa tumelala. Asubuhi ulikuwa unakimbilia kompyuta kabla ya kunawa uso. Mama yako alikuwa anauliza kama huyo Carol ana mtoto wa kiume.

Sasa ile Jumapili. Tumetoka kanisani, nimekuletea chai, ukaniambia nisogeze kiti. Ulikuwa umefungua ukurasa wa mojawapo ya magazeti yale ya zamani, na pembeni kulikuwa na kitu kidogo, kama tangazo la kuuza baiskeli. Ukanitafsiria taratibu. Msichana mmoja ameondoka, jina lake Dinah. Mwili mdogo, anazungumza kwa sauti ya chini. Ana kovu la kuungua juu ya kiganja cha mkono wa kushoto. Alikuwa amevaa sketi ya buluu, na alichukua viatu visivyo vyake. Inadhaniwa ameelekea upande wa mto. Mwenye habari zake amletee bwana fulani, atashukuriwa.

Unakumbuka nilichosema. Mimi nakumbuka pia, kwa sababu umekiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu yako na sasa kiko maktaba kwa maisha yote.

Nilisema, "Wanamupenda sana. Angalia, hata kovu yake wanaikumbuka. Sasa, walimupata?"

Ukageuka. "Who, Papa? Nani wanampenda?"

"Familia yake. Hawa wenye kumutafuta."

Ukaniwekea mkono begani, jambo ambalo hulifanyi kila siku. "Papa, that's not her family. That's the man who owned her."

Chai ikapoa. Nilitazama tena yale maandishi madogo na bado sikuweza kuyaona kwa jicho lako. Pale kambini, nje ya ofisi, kulikuwa na ubao wa matangazo yaliyoandikwa hivyo hivyo. Jina. Umri. Alivaa nini. Alama mwilini. Alionekana mara ya mwisho wapi. Mwenye habari amwone fulani. Watu walikuwa wanatafuta mama zao na watoto wao waliopoteana nao barabarani, na kila asubuhi tulikuwa tunasimama pale tunasoma kama wenzetu wa hapa wanavyosoma matokeo ya mpira. Maisha yangu yote tangazo la namna hiyo lilikuwa ni mtu anayelia. Sikuwahi kufikiri linaweza kuandikwa na mtu anayewinda.

Ndipo nikakusimulia habari za Feza, dada yangu, shangazi yako. Nilikwambia kwamba na mimi niliwahi kubandika tangazo pale ubaoni. Nilikwambia alikuwa na kovu mahali palepale, juu ya kiganja cha kushoto, mafuta ya mawese yalimrukia akiwa mtoto. Nilikwambia alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Uliuliza ilikuwaje mwishoni, nikajibu, "Njo hivyo tu, hakuonekana." Mama yako kila siku hukwambia shangazi alipotea, na mimi nikaacha ibaki hivyo.

Kwa kovu hilo, na kwa sauti ya kwanza, ukamtafuta. Nilikupa nusu ya habari na wewe ukaifanyia kazi nzima. Sasa pokea nusu ya pili.

Feza alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Baba na mama walipokwisha kufa, jina lake liliandikwa chini ya langu kwenye kadi ya chakula, kisha kwenye faili la familia. Ulipozaliwa, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni zaidi ya mtu yeyote. Mama yako alikuwa mgonjwa miezi ile. Feza alikuwa anachota maji, anapika, anaimba, anakubembeleza. Nilimwona kama mkono wangu mwingine, na mkono huwezi kuuliza unafikiri nini.

Halafu ikaja habari ya Australia. Tuliitwa kwenye usaili wa kwanza, tukaambiwa tujiandae. Nilirudi nyumbani nikitembea juu ya mawingu, nikawatangazia wote kwamba tunakwenda. Nimejaribu sana kukumbuka kama nilimuuliza Feza iwapo anataka. Naona uso wake, naona sufuria aliyokuwa anaisugua. Swali silisikii popote.

Kabla ya usaili wa pili akaondoka. Tuliamka, mkeka umekunjwa, kitenge chake chenye picha za samaki hakipo, viatu vya mama yako havipo. Ndiyo, viatu. Uliponisomea habari za viatu vya Dinah nilishika kikombe kwa nguvu, na wewe ukadhani ni kwa ajili ya kovu tu.

Niliandika tangazo siku hiyohiyo. Mwalimu Mtanzania alinisahihishia Kiswahili, na lilitoka zuri. Jina, umri, kovu, kitenge, viatu. Anatafutwa na kaka yake. Nililibandika kwa misumari minne, maana upepo wa pale ulikuwa unaiba karatasi. Sikuishia hapo. Niliwauliza madereva wa malori. Niliwaomba walinzi wa lango wamzuie wakimwona. Nilienda makanisa yote, hata yale tuliyokuwa tunayasema vibaya, nikamweleza kila mtu mwili wa dada yangu, urefu wake, kovu lake, meno yake. Watu walinihurumia. Walisema Feza ana bahati ya kuwa na kaka, na mimi niliamini.

Akaja Mama Espérance, mwanamke wa kanisa letu aliyekuwa akiuza samaki wakavu. Alikataa kukaa. Alitoa karatasi kwenye kifua cha blauzi yake, imekunjwa ndogo, akanipa. Lilikuwa tangazo langu. Pembe zote nne zimechanika, misumari imebaki ubaoni.

"Papa Sifa," akasema, "Feza amenituma. Amesema acha kumutafuta. Hakupotea, alienda."

"Alienda wapi? Na nani?"

"Hakuniambia. Na kama angeniambia, singekuambia weye."

Akaondoka na samaki wake. Nilisimama mlangoni na ile karatasi, wewe unalia ndani kwa sababu mgongo uliouzoea haupo.

Niliona aibu, kisha hasira. Baadaye nikaiita huzuni, kwa sababu huzuni ina heshima zaidi mbele ya watu. Nilikaa na hasira hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa nayo kwenye ndege. Nilikuwa nayo nilipopata kazi ya kwanza pale Villawood, kwenye bohari lisilo na dirisha, nikipanga maboksi na kumjibu Feza moyoni kutwa nzima: nilikukosea nini, ulikula, ulilala, nani alikutesa? Yeye hajibu, mimi nashinda kesi, na jioni narudi nyumbani mshindi aliyechoka.

Kwa nini aliondoka sijui hadi leo. Huenda kulikuwa na mwanamume. Huenda hakutaka nchi ya mbali. Huenda alichoka tu kuwa mstari wa chini kwenye faili la mtu mwingine. Nimewahi kuyapanga mawazo hayo kama ninavyopanga mizigo kwa foklifti, hili juu ya lile, na hakuna hata moja ninaloweza kuliapia.

Kwenye usaili wa pili bwana mmoja aliniuliza dada yangu yuko wapi. Nikasema sijui, na hiyo ilikuwa kweli. Akaandika kwamba amepotea. Niliona anaandika, mkalimani akaninong'oneza alichoandika, na ile karatasi yenye pembe zilizochanika ilikuwa mfukoni mwangu. Sikumsahihisha. Kwa hiyo siku moja, ukizeeka na kuwa profesa, ukafunguliwa mafaili ya watu kama sisi, utakuta shangazi yako alipotea, kwa muhuri na sahihi. Ujue kwamba si hivyo. Ujue pia aliyeisimulia habari hiyo alikuwa ni mimi.

Ndiyo maana tangazo la Dinah halikuniacha. Uliniambia bwana yule alilirudia juma baada ya juma, kisha likakoma ghafla, na wewe hulali ukitaka kujua kwa nini. Labda alimpata. Labda alichoka kulipia gazeti. Labda Dinah alikufa njiani. Kama alikamatwa, ulisema, jina lake litakuwa kwenye kitabu cha jela ya wilaya ile, na kitabu hicho kimo ndani ya boksi ambalo Carol amekuahidi kukufungulia. Kwa sababu ya boksi hilo umepata ufadhili, na kwa sababu ya boksi hilo kesho tutakuwa uwanja wa ndege tukijifanya watu wazima.

Nitakwambia ukweli wangu kuhusu boksi hilo, na usinichukie. Ninakuombea usikute kitu. Nafahamu maana yake kwa mtu wa kazi yako. Utafungua kurasa zile, jina halipo, utarudi chumbani jioni mikono mitupu, na msimamizi wako mpya atakuuliza utaandika nini. Hata hivyo ninaomba. Kama Dinah hayumo, huenda alifika huko kwenye mto wake, akapewa jina lingine, akazeeka akiongea kwa sauti ya chini na watu asiowajua bwana yule. Furaha yako na yake haziwezi kukaa kwenye kitabu kimoja, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, siko upande wako.

Sasa Jumanne.

Ni yeye. Nilimjua kabla hujaondoa mkono kwenye simu. Ukurasa wa kanisa, kwaya ya kina mama, wamevaa sare ya njano, na yeye mstari wa mbele ameinua mkono wa kushoto, kovu liko pale lilipokuwa. Amevaa miwani. Amenenepa, na imempendeza. Kichwa chake kimelala upande kama alivyokuwa anafanya akitafuta sauti. Nilifurahi, Sifa. Nilifurahi mpaka nikaogopa kufungua mdomo, ndiyo maana nikakimbilia habari za chakula. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikimwombea kama mtu ambaye huenda ameshakufa, na kumbe yuko mahali anaimba.

Halafu ukasema mji wenyewe, na kwamba kutoka chuo chako kipya ni safari ya basi ya asubuhi moja tu. Macho yako yalikuwa yanang'aa. Nikaona safari nzima ilivyojipanga kichwani mwako: utafika, utapumzika, utapanda basi, utaingia kanisani, utamwambia mimi ni Sifa uliyenibeba. Nikala wali wangu.

Umekua, na siwezi kukukataza. Tena uso wa kukukataza sina. Ni shangazi yako. Ulilala mgongoni mwake, na hilo ni lako, si langu. Ninakuomba tu. Usiende kumwambia kwamba umempata. Usiende hata kukaa kiti cha nyuma na kumtazama kisha ukatoka kimya. Nakujua, hilo ndilo litakalokujia kichwani ukisoma barua hii. Ile picha usiisambaze kwa ndugu. Mama yako hajaiona, na nitamweleza mwenyewe kwa wakati wake, atanifokea ipasavyo.

Utasema, Papa, ukurasa uko wazi, hajifichi. Kweli hajifichi kwa watu wa mji wake. Kwetu sisi hatujui. Alituma neno mara moja, kwa mtu wa kuaminika, na neno lilikuwa wazi kuliko makaratasi yote uliyowahi kunisomea. Mimi ndiye niliyelisikia nikalikunja. Leo tukimtokea na simu mkononi, hata kwa mapenzi, hata na machozi, tutakuwa tumelibandika tena lile tangazo palepale alipoling'oa.

Nilidhani barua itaishia hapo. Nimeinuka, nimechemsha chai, nimezunguka masanduku yako, nikaona kwamba kukuambia usifanye hivi, usifanye vile, ni kumfungia Feza nje kwa mlango mwingine. Huenda na yeye anatafuta. Huenda ameshaandika jina langu kwenye kisanduku kama chako, kompyuta ikamrudishia bure, kwa sababu kaka yake hayupo popote. Na hilo nalo ni kazi yangu. Sipendi kuonekana. Nimekataa kila kitu cha mtandaoni, nimekataa hata picha ya kazini.

Unakumbuka ule ukurasa ulionionyesha, ambapo watu wa kambi yetu, waliotawanyika kila nchi, wanaweka picha za zamani na kuandika majina chini ya nyuso? Ulisema ni hifadhi ya nyaraka, tena nzuri kuliko zako, kwa sababu wenye nyuso ndio wanaoandika. Kuna picha ya watu mbele ya ofisi, na nyuma yao ule ubao. Kijana aliyesimama pembeni na mtoto mchanga mikononi hana jina, mtu ameweka alama ya kuuliza tu. Uliniomba ruhusa uandike, nikakatalia mbali. Uliniomba tena, nikatoka nje kumwagilia bustani.

Andika. Weka jina langu lote, kama lilivyo, na lako pia kama unataka, maana mtoto huyo ni wewe. Chini yake weka tangazo hili. Nimeliandika mara kadhaa kwenye karatasi ya pembeni na sasa hakuna wa kunisahihishia. Usiliongezee utamu na usilitafsiri. Atakayelihitaji atalisoma lilivyo. Ukishaliweka, nenda kafungue boksi lako, ufanye kazi uliyoendea, na mambo mengine yaache yakae.

Nasikia lango. Nadhani ni wewe, umerudi mapema. Nitaikunja hii na kuiweka kwenye mfuko wa koti lako la baridi, ambalo hutalivaa mpaka ufike.

Papa yako

*

ANAPATIKANA

Mwanamume wa Uvira, aliyewahi kukaa kambini, upande wa kisima cha juu. Si mrefu. Nywele zimepungua mbele, mvi zimebaki pembeni. Anazungumza kidogo, na mengi aliyoyazungumza zamani asingeyarudia. Kidole kidogo cha mkono wa kulia hakikunjiki tangu utotoni. Dada yake anajua kwa nini, na ni yeye aliyekifunga kwa kitambaa cha gauni lake.

Yuko Sydney, Minto. Anaendesha foklifti. Jumapili mchana yuko nyumbani, na hana haraka.

Hamtafuti mtu. Viatu vilishasahauliwa.

Anayemtaka, amwite kama alivyomwita siku zote.